Mbwa Aliyekufa kwa Mdomo Wangu

Jumamosi, 2 Machi

Daftari la kituo lina safu za chakula, chanjo na nani kamchukua mnyama gani. Jambo nililofanya leo halina safu humo, kwa hiyo nimenunua daftari jingine.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mabanda ya chini yakajaa maji. Yakobo, ambaye ndiye mlinzi, mpishi na kila kitu hapa, alikuwa anasonga chakula cha mbwa: dona na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Mimi nilikuwa nahamisha paka. Ndipo akaingia mzee mmoja mwenye magongo mawili, suruali imelowa hadi magotini. Kutoka barabara ya lami mpaka hapa ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye miguu mizima. Sijui yeye alitumia muda gani. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kiti.

Alisema anaitwa Machibya, fundi baiskeli wa Mkuyuni, na kwamba anatafuta mbwa. Dume, rangi ya njugu, sikio la kushoto limekatika ncha. Watu wa stendi ya Buzuruga walimwambia kwamba mama wa mbwa wa Kisesa, yaani mimi, ndiye aliyemchukua mwezi wa kwanza.

Nilimjua mbwa huyo kabla hajamaliza kusema. Mimi na Yakobo ndio tuliomtoa Buzuruga, nyuma ya vibanda vya chipsi, kamba ya katani imezama shingoni mpaka nyama imeanza kuota juu yake. Dokta Pius, daktari wetu wa mifugo, alitumia saa nzima kuitoa. Siku nne mbwa yule alilala ameketi, kwa sababu akilaza shingo inauma. Alipopata nafuu akawa anashinda mlangoni pa ofisi kama mtu wa kuandikisha wageni, tukamwita Karani. Na mimi nilijiapiza kwamba aliyemfunga kamba ile hatamgusa tena.

Sasa mtu amesimama mbele yangu ananiambia, "Ni mbwa wangu."

Karani hayupo tena kituoni. Wiki mbili zilizopita nilimkabidhi kwa Selina, anayeuza nyanya soko la Kisesa na kuishi Bujora na binti yake Precious, wa darasa la nne. Precious aling'atwa na mbwa akiwa mdogo, na tangu hapo alikuwa anazunguka njia ndefu kwenda shule ili asipite kwenye nyumba zenye mbwa. Selina alimleta hapa akisema, ama woga uishe ama wajue hauishi. Karani alikwenda akakaa mbele ya mtoto, amempa mgongo, hakumnusa wala hakumrukia. Precious aliutazama mgongo ule, kisha akanyoosha mkono akamgusa mkia. Siku ile Selina alisaini fomu huku anafuta macho.

Ningeweza kumweleza mzee yote hayo. Ningeweza walau kumuuliza habari ya kamba. Sikuuliza. Nilitazama mikono yake mikubwa, yenye grisi kwenye mikunjo ya vidole, nikaiona inafunga fundo. Nikasema, "Pole, mzee. Alikufa."

Yakobo alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akautazama ule mwiko.

Mzee Machibya aliuliza kama mbwa aliteseka. Nikasema hapana. Akauliza amezikwa wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikanyoosha kidole kwenye tuta la udongo karibu na uzio wa minyaa, ambapo wiki iliyopita tulimzika jike mmoja mzee tuliyekuwa tunamwita Bibi. Akaenda akasimama pale kwenye mvua. Mimi nikarudi kuhamisha paka.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa najitetea mwenyewe kichwani, na kesi nikaishinda. Mbwa yuko salama, mtoto ana furaha, na mtu aliyemfunga mbwa hana haki ya kumdai.

Jumanne, 5 Machi

Bi Hadiya wa duka la mchele Mkuyuni amechukua paka wawili. Panya wamemzidi. Nimemwambia wasilale njaa eti ndio wawinde vizuri. Paka mwenye njaa huhama tu. Akacheka, akasema atawapa dagaa.

Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Amerudi. Amebeba mfuko wa saruji mgongoni, nikadhani ni nguo, kumbe ni mawe. Mawe madogo ya mviringo, ameyaokota ziwani. Alinyoosha mguu mbovu, akakaa chini kwenye tope na kuyapanga kuzunguka tuta la Bibi. Alitumia karibu saa nzima.

Nilimpelekea chai ili nionekane mtu. Aliniita "mwanangu" na kunishukuru kwa kumzika mbwa wake vizuri, maana wengine hutupa jalalani.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda Bujora kumkagua Karani, kama ninavyofanya kwa kila mnyama akitimiza wiki chache kwenye nyumba mpya. Nilikuta Selina bado yuko sokoni. Precious alikuwa kizingitini anamenya viazi, Karani amelala ubavu kwenye miguu yake. Amenenepa. Kidonda cha shingo kimebaki mstari tu usio na manyoya.

Precious alinipa taarifa kama muuguzi wa zamu. Karani anaogopa radi. Ikipiga tu, anaingia chini ya kitanda na hatoki mpaka uingie naye. Dagaa hali mpaka wachanganywe na ugali. Asubuhi anamsindikiza shule kwa njia fupi, ile yenye mbwa, na kurudi peke yake. Aliyasema yote hayo bila kupumzika, na mtoto huyu siku aliyokuja kituoni hata jina lake alilitaja mama yake.

Nilirudi na moyo mwepesi. Nikajiambia, unaona?

Jumamosi, 16 Machi

Mzee Machibya amekuja na spana. Aliona Jumamosi iliyopita tairi la toroli letu limekaa upande. Alilinyoosha, akatia grisi, kisha akahamia kwenye bawaba za banda la paka. Hakuna aliyemwomba.

Akiwa anafanya kazi, alisimulia. Mwezi wa kumi na moja lori lilimpitia mguuni pale Mkuyuni akivuka na baiskeli ya mteja. Wamemtia chuma kwenye paja, na chuma kikaleta usaha, wakafungua tena. Amelala hospitali miezi mitatu na nusu. Mbwa alimwachia jirani, kijana mmoja wa kuponda kokoto, na kila wiki alikuwa anatuma salamu na hela ya chakula. Sikukuu za Krismasi jirani akaenda Geita kwenye machimbo na hakurudi. Mbwa aliachwa amefungwa. Mwenye nyumba anasema alikuta kamba imegugunwa, mbwa amepotea.

"Jina lake Saba," alisema. "Alizaliwa wa saba, ziwa la mama yake halikumtosha. Nilimnywesha kwa kile kimpira cha kujazia pampu mafuta."

Nilikuwa nimeshika bawaba. Nilisema tu, aa.

Jumapili, 17 Machi

Anaweza kuwa anadanganya. Watu wote wanaowatesa wanyama wana jirani wa kumsingizia.

Jumatatu, 18 Machi

Hata mimi siamini nilichoandika jana.

Alhamisi, 21 Machi

Mtoto wa mbwa amekufa kwa kuhara. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 23 Machi

Tuna jike mmoja tunamwita Sindano. Aliletwa na polisi jamii mwaka jana, na hajawahi kukubali mtu. Yakobo humsukumia sahani kwa fimbo. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia Dokta Pius kwamba huenda huyu hatapata nyumba kamwe.

Leo nimemkuta mzee Machibya amekaa kwenye ndoo nje ya banda la Sindano, amempa ubavu, anatengeneza tundu la paka. Hamtazami, hamsemeshi. Anapiga misumari yake tu. Nilipotaka kumwonya, Yakobo alinishika mkono. Sindano alikuwa amesogea mpaka kwenye nondo, amelala, pua imetokeza nje sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha mzee.

Miaka minne nimeendesha kituo hiki. Kabla ya hapo miaka kumi na moja nilisimama kwenye mkanda wa kiwanda cha samaki nikikagua minofu, na watu walikuwa wanasema Tereza ana jicho: samaki mbovu hampiti. Jicho hilo hilo lilimtazama mtu huyu kwenye mvua, likaona mtesaji.

Kabla hajaondoka alitoa kwenye mfuko kipande cha madigadi ya baiskeli, amekigonga herufi kwa msumari: SABA. Akakichomeka kwenye tuta la Bibi.

Jioni Yakobo alisafisha sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Ni mtu asiyeingilia mambo. Alisema bila kugeuka, "Dada Tereza, leo amenionyesha picha. Amembeba mbwa kwenye kapu la baiskeli, mdogo kama kiazi."

Jumamosi, 30 Machi

Kesho Pasaka. Mzee alikuja na mkate wa ufuta kwa ajili yangu na Yakobo. Nimeshindwa kuula.

Jumatano, 3 Aprili

Selina amepiga simu. Kadi ya Karani inaonyesha chanjo ya pili ya kichaa cha mbwa, na amesikia Dokta Pius atakuwa hapa Jumamosi. Atamleta, na Precious anataka kuwaona paka.

Nikasema Jumamosi daktari ana udhuru, waje Ijumaa. Kisha nikampigia Dokta Pius nimwombe aje Ijumaa pia. Akauliza kwa nini. Nikasema Jumamosi nina msiba. Sasa nimemuua na mtu.

Ijumaa, 5 Aprili

Karani alipoingia getini alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ambayo mzee huwa anaikalia. Aliinusa chini, pembeni, akarudia tena. Akakaa karibu nayo na hakutaka kutoka. Precious alimvuta, akamwita, akabembeleza. Selina alicheka akasema labda ilikuwa na samaki.

Yakobo aliingia jikoni akafunga mlango.

Jumamosi, 13 Aprili

Sindano amepata nyumba. Familia ya Mihayo, wana shamba la mpunga na kuku kule Magu, walikuwa wanataka mbwa wa kubweka, si wa kuchezewa. Mzee Machibya ndiye aliyemtoa bandani kwa kamba laini ya kitambaa. Alimweleza mke wa Mihayo: usimtazame machoni mwezi wa kwanza, fanya kazi zako karibu naye tu. Mama yule alisikiliza kama anafundishwa kuhudumia mgonjwa.

Gari lilipoondoka mzee alijifuta uso kwa kiganja. Akaniambia kazi yetu ni ngumu: unamponya, unamzoea, halafu unamtoa. Akauliza kama Saba angepona ningempa watu wa namna gani.

Nilisema watu wazuri.

"Wenye mtoto?" akauliza. "Alikuwa anapenda watoto."

Nilisema ndiyo, wenye mtoto.

Jumamosi, 20 Aprili

Hajaja. Saa nne, saa sita, saa nane. Mvua haikuwa kubwa kiasi cha kumzuia. Amekuja kwenye kubwa zaidi. Saa tisa nilijikuta napumua vizuri, hata naimba nikiosha sahani za paka. Nikajiuliza nina furaha gani. Nikapata jibu: nilikuwa nafikiri labda amekufa, au mguu umemzuia moja kwa moja, na mambo yameishia hapo.

Nimekaa kitako kwenye sakafu ya banda la paka. Sikujua kwamba naweza kufikia hapo.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika haya usiku.

Baada ya kanisa nilikwenda Mkuyuni. Bi Hadiya alinielekeza: nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha mwisho chenye mlango wa bluu. Nje pana turubai na fremu za baiskeli zimening'inia, hazijaguswa siku kadhaa. Nilibisha hodi. Akasema ingia kwa sauti ndogo.

Alikuwa kitandani, mguu umevimba, juu ya mto. Homa ilimshika Jumatano, mke wa mwenye nyumba amempeleka zahanati, wamempa dawa na sasa anaendelea vizuri. Aliomba radhi kwa kutokuja jana. Aliomba radhi yeye. Aliniambia nikae, akaonyesha kigoda, na pembeni ya kigoda palikuwa na gunia limekunjwa mara nne na sahani ya bati juu yake, imeoshwa.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee Machibya," akasema marahaba mwanangu. Basi nikaona siwezi kukaa.

Nikasema nikiwa nimesimama, "Saba hakufa."

Alijishika paji la uso. Nadhani alifikiri homa imerudi. Nikarudia. Nikamwambia siku ile alipokuja, mbwa alikuwa na wiki mbili tu kwenye nyumba nyingine. Nikamwambia niliona kamba shingoni kwake, nikadhani ni yeye aliyefunga. Nikamwambia sikuuliza. Nilisema yote, na chumba kilikuwa kidogo, na kila neno lilibaki humo humo.

"Yuko hai," alisema.

"Ndiyo."

"Anakula?"

"Anakula. Amenenepa."

Aligeukia ukutani. Niliona mgongo wake unapanda na kushuka. Akauliza uso ukiwa bado ukutani, "Na pale nilipoweka mawe, yuko nani?"

"Jike mmoja mzee. Tulimwita Bibi."

"Wiki saba nimekuwa namwamkia Bibi." Hakucheka. "Wewe unaniletea chai."

Nikamweleza habari za Precious. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nikaona ni haki ayajue: mtoto aliyekuwa anaogopa mbwa, njia fupi ya shule, kitanda, radi. Nilisema yote kwa uangalifu, na moyoni nilikuwa natumaini atasema mwache akae huko. Yeye ni mtu mwema, nimemwona na Sindano. Mtu mwema angesema hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka akanitazama. "Najua unachotaka niseme," alisema. "Mimi si mwema kiasi hicho. Miezi mitatu na nusu nimelala hospitali nikimfikiria yule mbwa, kisha miwili nikamlilia. Namtaka mbwa wangu."

Nikasema sawa, nitamleta.

"Hutamleta. Nipeleke. Huyo mtoto asinyang'anywe na mtu asiyemjua." Akafumba macho. "Sasa nenda."

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimkuta Selina sokoni anapanga nyanya mafungu. Nilimwomba tusogee pembeni, akakataa, akasema kama ni neno la kusema lisemwe hapa. Nikalisema hapo, mbele ya wauza vitunguu.

Hakupandisha sauti. Alishika nyanya moja, akaifuta kwa kanga, akaiweka, akaichukua tena. Alisema, "Ungesema siku ile mzee alipokuja, Precious angekuwa amekaa na mbwa wiki mbili. Tungelia, yangekwisha. Wewe umengoja miezi miwili, mpaka sasa anamwita mdogo wake."

Nikasema najua.

"Hujui. Mimi ndiye nitakayemwambia leo akitoka shule."

Akaniambia Jumamosi mchana tuje. Akaendelea na mafungu yake.

Jumatano, 24 Aprili

Mbwa wawili wapya. Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Yakobo ameuliza kama anisindikize kesho. Nimesema abaki na wanyama. Akasema, "Umefanya vizuri kusema." Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu amenitazama usoni akiongea.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimchukua mzee Mkuyuni kwa bajaji. Njia nzima hadi Bujora hakusema na mimi. Alivaa shati lililopigwa pasi na amenyoa ndevu.

Selina alikuwa ametandika mkeka na kuweka chai. Precious alikaa kizingitini, macho yamevimba, mkono umezunguka shingo ya mbwa. Mzee alisimama nje kwenye uzio wa minyaa, hakuingia. Hakumwita mbwa. Aliegemea gongo lake, kwani siku hizi anatumia moja, akangoja.

Mbwa alinyanyua kichwa. Akasimama, akatoka kwenye mkono wa mtoto, akaja polepole, kichwa chini, kama anayevuka maji asiyojua kina chake. Alinusa gongo. Akanusa mguu wenye chuma, juu mpaka chini. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa, na nimesikia mbwa wengi, akajitupa kifuani kwa mzee hata gongo likaanguka, na mzee akaanguka nalo. Walikaa hapo chini kwenye udongo. Mzee alikuwa anasema kwa Kisukuma, maneno yale yale, tena na tena.

Sote tulitazama pembeni isipokuwa Precious. Yeye alitazama mpaka mwisho. Akasema, "Anamjua."

Mama yake akasema ndiyo, anamjua.

Precious alikwenda akaokota gongo, akalisimamisha kwa mzee, akachuchumaa mbele yake. Alianza kumweleza. Ugali na dagaa vichanganywe. Asifungwe kamba yoyote shingoni, hata laini. Akikuna sikio la kulia kuna kupe, aangaliwe. Na radi.

"Radi?" mzee alisema. "Zamani alikuwa haogopi radi."

"Sasa anaogopa. Anaingia chini ya kitanda. Na wewe unatakiwa uingie."

Nilitazama mguu wa mzee. Nadhani Selina naye aliutazama. Mzee Machibya alifikiri jambo hilo kwa uzito kama ambavyo ningefikiri dozi ya dawa. Akauliza, akishaingia, amshike wapi. Precious akamwonyesha: hapa, kifuani, kiganja kiwe wazi, usibonyeze. Mzee akaweka kiganja. Precious akakisogeza kidogo.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na hapo ndipo tukamsikia.

Mzee alitaka kumwachia kitu. Alikuwa amekuja na kengele mpya ya baiskeli mfukoni. Selina akasema si leo, akachukua namba yake ya simu tu. Alisema kwa upole kwake. Kwangu hakusema kitu, na chai yangu alimimina mwenyewe akanipa kwa mikono miwili, kama mgeni asiyemjua. Nilipomwambia kwamba siku yoyote Precious akitaka mnyama mwingine kituo kiko wazi, alitikisa kichwa.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuja mtu.

Nimekiondoa kile kibati chenye jina kwenye tuta la Bibi, nikampelekea Bi Hadiya amfikishie mwenyewe. Mawe nimeyaacha.

Jumatano, 8 Mei

Nimebadili namna ya kufanya kazi. Mnyama akipatikana, tangazo linabandikwa Buzuruga, Mkuyuni na Kisesa siku thelathini kabla hajapewa mtu. Na akija mtu kudai, anakaa kwenye kiti, anaulizwa, anajibu, mbele ya Yakobo. Yakobo ameanza kuandika kwa mwandiko wake mkubwa. Anaandika na yale ambayo nisingeyaandika.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuja mtu. Dokta Pius ameuliza yule fundi yuko wapi. Nikamweleza yote, hata msiba nilioutunga. Akasema mkewe alitaka kunitumia rambirambi.

Jumanne, 14 Mei

Mchana mvua ya mawe, upepo kutoka ziwani, radi hazikuhesabika. Ukuta wa mabanda ya chini umeanguka wote. Tulikuwa tumeshawatoa mbwa kwa sababu ya maji, hakuna aliyeumia ila mmoja amechanika sikio. Mbwa kumi na wanne wako ofisini, jikoni na chumbani kwangu. Yakobo ana homa.

Alhamisi, 16 Mei

Tumelala na mbwa. Jirani zetu wawili wameleta mabati. Wengine wamekuja kutazama.

Jumamosi, 18 Mei

Jua limewaka tangu asubuhi, anga imeoshwa, na nadhani masika yameisha.

Nilikuwa peke yangu natenga matofali mazima na yaliyovunjika niliposikia mbwa wote wa ofisini wanabweka kwa pamoja. Mzee Machibya alikuwa getini na baiskeli. Haipandi bado, anaisukuma, anaiegemea badala ya gongo. Nyuma amefunga nondo mbili na mfuko wa saruji uliofika nusu. Saba alikuwa pembeni yake bila kamba.

Nilimwamkia. Aliitika kama mtu anavyoitika njiani. Akaegesha baiskeli, akauzunguka ukuta wote, akapapasa msingi kwa mkono, akasema fundi aliyejenga hapa alikula saruji.

Kisha akasema, "Sijakusamehe. Nimekuja kwa ajili ya ukuta."

Nikasema sawa.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Mimi nachota maji na kuchanganya udongo, yeye amekaa kwenye ndoo anapanga mstari wa kwanza, ananiambia lete, ngoja, hapana hilo limepasuka. Saba alilala kivulini, akiondoka mara moja moja kwenda kunusa mlango wa ofisi na kurudi. Hatukuzungumza jambo jingine. Nilikuwa nataka kuuliza mengi na nilijua sina nafasi ya kuuliza hata moja.

Tulipopumzika nikampa maji. Alikunywa, akammiminia Saba kiganjani, na akasema, akiwa anamtazama mbwa na si mimi, kwamba Jumanne ile ya mvua ya mawe simu yake iliita. Hakuijua namba. Alikuwa mtoto wa Bujora, ameazima simu ya mama yake. Anauliza kama Saba yuko chini ya kitanda.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamwambia yuko. Akauliza, na wewe? Nikamwambia mguu umebaki nje, lakini mimi niko." Alifuta kiganja kwenye suruali. "Hakuamini. Ikabidi nimwekee simu mbwa kifuani asikie anavyohema. Akasikiliza mpaka radi zikaisha."

Alinirudishia kikombe, akageukia ukuta, akaniomba uzi wa kunyooshea mstari.